Mke Wangu Amepata Leseni, Mimi Miaka Tisa Naendesha Bila

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwendesha boda hapa Malindi, steji yetu iko upande wa Maweni. Nina miaka 34, mke mmoja na watoto wawili. Kazi hii nimeifanya miaka 9. Sita ya kwanza nilikuwa deiwaka, pikipiki ya mtu, jioni napeleka hesabu. Mitatu hii nina Boxer yangu mwenyewe, deni nimeshalimaliza. Leseni sina, na sijawahi kuwa nayo. Ule msako wa boda wa Machi 2022 ulipokuja, niliilaza pikipiki nyuma ya nyumba ya mama mkwe nikaifunika makuti. Siku chache amri ikasitishwa, nikarudi steji. Ajali kubwa sijapata, alhamdulillahi.

Mke wangu hupika mahamri na viazi vya karai, alfajiri vinapelekwa vibanda vitatu. Mpelekaji nilikuwa mimi. Lakini alfajiri ndiyo saa ya wateja wa Watamu nao, na mara nyingi mahamri yake yalipoa jikoni yakinisubiri. Basi akaniambia, nifundishe. Nikampeleka uwanjani jioni mbili. Ya kwanza tulicheka. Ya pili kila injini ikimzimikia nampigia kelele, akashuka, akanikabidhi ufunguo, akaenda nyumbani kwa miguu. Wiki ile ile akachukua pesa zake za chama akajiandikisha diraiving. Mimi nikacheka tena. Mjomba, yule mwanamke alipita mtihani mara ya kwanza, na kadi yake imetoka. Anaiweka ndani ya kava ya simu, kila akipokea simu naiona.

Mambo yameharibika juzi. Nilikuwa nimembeba, karai la mahamri mapajani pake, tunatoka barabara ya mchanga kuingia lami. Tuktuk ikakata mbele yetu bila indiketa. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Pikipiki ikateleza ubavu, nyuma ikataka kuwa mbele, tukasimama shubiri mbili kutoka kwenye ile tuktuk. Hatukuanguka, ila mahamri yalimwagika. Mke wangu akashuka, akakung'uta buibui lake, akasema mbele ya steji nzima: “Ungebana na ya mbele kidogo kidogo, tungesimama kule nyuma.” Kisha akaokota karai lake.

Tangu siku hiyo hapandi nyuma yangu. Anasema haketi na mtu asiye na leseni. Akienda kwao Mambrui anapanda gari kwa nauli, na pikipiki ya mumewe ipo mlangoni. Steji wananiita Mume wa Dereva. Juu ya hayo, mwenyekiti wetu ametangaza kwamba kuanzia mwezi ujao asiye na kadi ya A3, leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki, atoke kwenye kikundi, maana wanataka kukata bima pamoja.

Kuna jamaa ananiambia nimpe pesa tu, kadi itakuja bila mimi kusimama mbele ya mtu. Naona ni njia ya heshima kuliko kwenda kukaa na vitoto vya miaka 18 nikifundishwa kuwasha pikipiki. Miaka 9, Mjomba! Mwalimu mwenyewe nasikia ana miaka 25. Isitoshe shule niliiachia darasa la sita.

Nimpe yule jamaa, ama niuze pikipiki nirudi baharini alikokuwa marehemu baba?

Mume wa Dereva, Malindi

---

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa mahamri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, samahani. Ya pili nikaona kuna sentensi fupi umeitia mwishoni kama mtu anayeficha kitu chini ya mkeka: shule uliiachia darasa la sita. Sidhani unamwogopa mwalimu wa miaka 25. Unaogopa karatasi. Unaogopa kuitwa mbele, uonyeshwe kibao, ulimi ugande, na nyuma yako wako watoto wanaotazama. Hilo nitalirudia. Kwanza tuzungumze breki, kwa sababu mkeo alisema kweli na wewe hukusema popote kwamba alikosea.

Mimi ni mtoto wa Amu, yaani Lamu. Kwetu tulikua na punda na mashua, pikipiki nilikuja kuijua bara, Mokowe, nikichukua vifurushi kwenda Hindi na Mpeketoni enzi ile barabara ni vumbi tupu. Aliyenifundisha aliniambia neno moja tu kuhusu breki ya mbele: usiiguse, itakurusha. Nikaamini. Miaka mingi mkono wangu wa kulia ulijua kuvuta mafuta tu. Siku moja ng'ombe wakavuka, nikakanyaga ya nyuma kama ulivyokanyaga wewe, gurudumu likafunga, likateleza, na goti langu la kushoto mpaka leo linanitabiria mvua kabla ya redio.

Baadaye ndipo nikaelewa. Wewe ni mtoto wa mvuvi, utanifahamu upesi. Chombo kikigonga fungu ghafla, watu na shehena wote hukimbilia omo, na tezi huinuka. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ukishika breki uzito wote unasogea mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini na kushika barabara, la nyuma linabaki jepesi. Sasa wewe ukakanyaga lile jepesi peke yake. Litakusimamisha na nini? Linafunga, linateleza, nyuma inataka kupita mbele. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha iko mbele, kwenye breki usiyoigusa.

Inayorusha mtu ni ile inayokwapuliwa ghafla. Ibane kama unavyokamua ndimu: kwanza kidogo, uisikie pikipiki ikiinama, kisha zaidi, na ya nyuma ikisaidia kwa wepesi. Hapo mkeo alitumia neno lenyewe, “kidogo kidogo”. Hilo halikuokotwa njiani, limefundishwa.

Lakini mchanga una sheria yake, na kwa haki yako niseme mlikuwa mnatoka kwenye mchanga. Pale njia ya vumbi inapokutana na lami, mchanga humwagika juu ya lami kama unga juu ya kinu, na pepo za kusi zinapovuma unasogea kila siku mahali pengine. Juu ya mchanga breki ya mbele ikifunga, umelala chini kabla hujasema astaghfirullahi. Kwa hiyo kazi ya breki ifanywe mapema, kabla ya kufika njia panda, usukani ukiwa umenyooka. Ukishaingia kwenye mchanga tuliza mikono, nenda polepole, mguu wa kulia uguse ya nyuma kidogo tu. Aliyekata bila indiketa ana makosa, sikatai. Ila wewe ulifika pale kwa mwendo ambao makosa ya mtu mwingine yangekuumiza.

Piga hesabu hii. Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akishtuka, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Mita 14 hizo zinaisha bure na breki bado haijaanza kazi. Sasa kumbuka ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, unavyolifuata lori la chumvi la Gongoni karibu mpaka unasoma namba yake.

Wewe unasema una miaka 9 barabarani. Ninavyoona, umeendesha mwaka mmoja, kisha ukaurudia mara nane. Usikasirike, nami nilikuwa hivyo hivyo. Atakayekufundisha kijana wa miaka 25 ni yale ambayo barabara haina nafasi ya kukufundisha, kwa sababu barabara ikikukosoa inakukosoa mara moja tu. Atapanga mawe, atakwambia upite kati yake kwa kuchora nane, taratibu kuliko mtu anayetembea, mguu usiguse chini. Utacheka. Kisha utaangusha jiwe la pili. Pale ndipo klachi nusu inapojulikana, na ndipo utakapogundua kwamba macho yako hutazama gurudumu badala ya kutazama unakokwenda. Jicho likienda shimoni, pikipiki nayo inaenda shimoni. Nimewaona waendeshaji wa miaka mingi wakishindwa na yale mawe huku msichana aliyeanza mwezi uliopita akipita, kwa sababu yeye hana mazoea ya kuvunja kwanza.

Sasa yule jamaa wa pesa. Usimpe hata nauli. Siku hizi leseni si kijitabu cha kubandika stempu, ni kadi yenye chipu na taarifa zake ziko kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mtu anayekuletea kadi bila mtihani anakuuzia moja ya vitu viwili: plastiki isiyojulikana na mtambo, au rushwa yenye jina lako juu yake. Na siku abiria wako atakapoumia, jamaa huyo hutamwona. Utakayeulizwa na kampuni ya bima, na baadaye na hakimu, ni wewe: leseni ya nani, daraja gani, ulifanyia mtihani wapi? Mwenyekiti wenu ana akili. Asiye na leseni halali anawapa bima sababu ya kukwepa, na maneno hayo yatawaangukia wenzako wote kwenye kikundi.

Njia yenyewe si ndefu hivyo. Fungua akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kama huna, kwa kitambulisho chako, uingie huduma za NTSA uombe leseni ya muda ya mwanafunzi, ile wanayoiita PDL. Nenda shule iliyosajiliwa na NTSA. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye shule akuonyeshe cheti chake cha usajili na pikipiki anayofundishia. Zipo zinazokufundisha ubaoni tu, pikipiki wanakuonyesha kwenye picha. Muulize pia anakuombea daraja gani. Mkeo, kwa kazi yake ya kubeba mahamri yake mwenyewe kwa pikipiki ndogo, huenda amepewa A2. Wewe unabeba abiria kwa malipo, kwa hiyo chako ni A3, na hiyo hiyo ndiyo ya tuktuk. Kwa Malindi hilo si jambo dogo, goti likichoka utakuwa na pa kwenda. Na mtu asikudanganye kwamba leseni ya gari inatosha kwa pikipiki. Haitoshi.

Kuna jambo chungu hapa, nalo ni kwamba kwa PDL hubebi abiria. Wiki hizo za mafunzo utakula nini? Fanya walichokufanyia wewe zamani: mpe pikipiki mwenzako mwenye kadi aifanyie kazi kama deiwaka, jioni akuletee hesabu. Chagua kijana mtaratibu, si yule anayeinua gurudumu la mbele akiwaona wasichana. Utapata pungufu ya ulivyozoea, lakini pikipiki haitalala na wewe utakuwa na nafasi ya kusoma.

Turudi kwenye darasa la sita. Sehemu ya kwanza ya mtihani ni ule ubao wa mji mdogo, umechorwa barabara, njia panda na mzunguko. Unaambiwa, toka hapa nenda pale, na unaonyesha kwa mkono. Hakuna insha. Wewe unayejua kila kichochoro kutoka Barani mpaka Muyeye, utashindwa na mji wa mbao? Kinachowaangusha wazoefu ni ujanja. Wanaonyesha wanavyoendesha kila siku, wakati mtahini anataka kanuni: kaa kushoto, kwenye mzunguko mpishe aliye kulia kwako ambaye ameshaingia, tazama nyuma kabla ya kukata, toa ishara kabla ya kusogea na si baada ya kusogea. Basi usimwonyeshe mtahini ulivyo mjanja.

Vibao vya barabarani navyo vina mpango wake, ukiushika hukariri mengi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Chenye pembe nane ni simama, simama kabisa, na pembetatu iliyopinduliwa ni mpishe mwenzako. Ukisimama mbele ya mtahini, omba akuulize kwa Kiswahili. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, huombi fadhila.

Na mwalimu wa vibao unaye ndani ya nyumba. Najua utasema nini. Ulimpigia kelele uwanjani, sasa umwombe akufundishe? Naam. Kwanza mtake radhi, na usianzie kwenye mahamri, anzia kwenye ile jioni ya pili. Alikuja kwako kwanza, wewe ukamfukuza kwa sauti, akaenda kutafuta kwa pesa zake asichokipata kwako. Maneno yake ya steji yalikuwa makali, kweli. Mambo ya mume na mke hayamwagwi barabarani pamoja na karai, na ukipata nafasi mwambie, kwa upole, kwamba yalikuuma. Lakini asingekupenda angeendelea kupanda nyuma yako akanyamaza. Anaposema haketi nyuma ya asiye na leseni, mimi nasikia mtu anayewafikiria wale watoto wawili.

Hao wa steji waache wakuite. Sisi Waswahili mtu asipotaniwa kwa utani basi kasahauliwa. Muulize kila anayekucheka akuonyeshe yake. Nina hakika wataanza kutazama simu zao.

Kidogo kuhusu mavazi, maana umetaja buibui. Sheria ya barabarani inataka abiria mmoja tu, naye akae amepanda, mguu huku na mguu huku. Kukaa upande hakuruhusiwi. Pwani yetu hiyo sheria na mavazi ya mama zetu havijapatana bado, na waliotunga sidhani walimuuliza hata bibi mmoja. Lakini nimeona upindo wa buibui ukivutwa na sipoku, na mwenye buibui akivutwa nao. Mkeo naamini ameshajua: suruali ndani, upindo umekusanywa ukafungwa kwa leso kiunoni, mbali na mnyororo. Ukishapata kadi na kurudi kazini, usimwache mama yeyote akapanda kabla hujageuka ukatazama nguo yake iko wapi. Ni sekunde tano.

Helmeti hukuitaja popote kwenye barua, na najua maana yake: iko imening'inia kwenye kioo cha pembeni ikisubiri askari. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi nyingi walikuta helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa mwendeshaji kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wewe na abiria, kila mmoja na yake, pamoja na ile rifleka, koti linalong'aa. Nunua yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ikukae barabara, ukitikisa kichwa isizunguke. Iliyowahi kugonga chini itupe hata kama haina ufa, sponji ya ndani imeshafanya kazi yake. Na usiazime ya mkeo.

Kuuza pikipiki urudi baharini, hilo sitalijibu. Uliliandika kwa hasira.

Leo ukishaswali alasiri, au ukishakula kama ndiyo saa yako, mwombe mkeo mwende pale pale uwanjani mlipogombana. Safari hii yeye ndiye apange mawe. Pikipiki iende kilomita 20 kwa saa, sio zaidi, mahali pakavu pasipo na mchanga, na ufanye ile ya ndimu mara kumi, halafu mara kumi tena. Ikikuzimikia, mwache acheke.

Mjomba